Kompyuta ya michezo: Ununue iliyoungwa tayari au uiunge mwenyewe?

Na Mwandishi Wetu

KIJANA anayetaka kompyuta ya kuchezea michezo, au mzazi anayetakiwa kuilipia, hukutana na swali ambalo wauza duka wengi hawana subira ya kulijibu. Je, inunuliwe kompyuta iliyokwisha kuungwa na kiwanda au duka, vinunuliwe vipuri kimoja kimoja na kuungwa nyumbani, au itazamwe njia nyingine kabisa kama mtumba wa ofisini, kompyuta mpakato au PlayStation?

Swali hilo si la anasa kama linavyoweza kudhaniwa. Kompyuta ya aina hii hugharimu fedha ambazo kwa familia nyingi za mijini ni akiba ya miezi mingi, na kosa likishafanyika ni gharama kulirekebisha. Mashine iliyochaguliwa vibaya inaweza kushindwa kuendesha michezo iliyokusudiwa, ikakataa kuongezewa nguvu baadaye, au ikaungua siku ya kwanza inapochomekwa ukutani. Iliyochaguliwa vizuri hudumu miaka mitano au zaidi, na mchana huweza kutumika kwa masomo, uhariri wa video, usanifu wa majengo na kazi nyingine nzito zinazomwingizia mtu kipato.

Makala haya yanaeleza njia tano zilizopo, faida na hasara za kila moja, na mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyahakiki kabla hajatoa fedha mfukoni.

Kinachoifanya kompyuta iitwe ya michezo

Taa za rangi zinazomulika ndani ya kasha la kioo hazina uhusiano wowote na nguvu ya kompyuta. Kinachoitofautisha kompyuta ya michezo na ile ya ofisini ni kadi ya picha, kipuri kinachochora kila kinachoonekana kwenye skrini mara makumi au hata mamia kwa sekunde. Ndiyo maana mafundi hushauri kwamba kati ya theluthi moja na nusu ya fedha zote za kompyuta iende kwenye kadi hiyo.

Baada ya kadi hufuata prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mashine, kisha kumbukumbu ya muda inayojulikana kama RAM, diski ya kuhifadhia, ubao mama unaounganisha vipuri vyote, na chombo kinachogawa umeme, ambacho mafundi wa mjini hukiita pawasaplai. Kasha na feni hukamilisha orodha.

Ukubwa wa skrini nao huamua kiasi cha nguvu kinachohitajika. Skrini ya kawaida ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni mbili za kuchorwa. Ile ya 3840 kwa 2160, maarufu kama 4K, ina nukta zaidi ya milioni nane, yaani mara nne. Mtu mwenye skrini ya kawaida hana sababu ya kulipia kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya 4K, na aliyenunua skrini ya 4K kwa kuvutiwa na tangazo atagundua kwamba kadi ya bei ya kati inaelemewa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutaja michezo itakayochezwa. Michezo ya ushindani kama Valorant na Counter-Strike 2 haihitaji kadi kubwa. Michezo yenye mandhari pana, kama Cyberpunk 2077 na Red Dead Redemption 2, ni mizito zaidi. Anayesema anataka "kompyuta ya kucheza kila kitu" huwa amemkabidhi muuzaji uamuzi wa fedha zake.

Njia ya kwanza: Iliyoungwa tayari

Faida kubwa ya kompyuta iliyoungwa tayari ni kwamba mnunuzi hulipa mara moja, huondoka na mashine inayowaka, na ana mtu mmoja wa kumrudia ikiharibika. Kwa mzazi asiyejua tofauti ya RAM na diski, hilo si jambo dogo. Fundi wa vipuri anaweza kumwambia mteja kwamba ubovu uko kwenye kadi, na muuza kadi akasema uko kwenye pawasaplai. Aliyeuza mashine nzima hana pa kumsukumia mwenzake lawama.

Aidha, zipo nyakati ambapo mashine iliyoungwa huwa nafuu kuliko vipuri vyake. Mwaka 2021, wakati uhaba wa vipuri uliotokana na janga la korona ulipokutana na wimbi la wachimbaji wa sarafu za kidijitali, kadi za picha ziliuzwa duniani kwa mara mbili ya bei iliyotangazwa na hata zaidi, na wengi walipata kadi kwa kununua kompyuta nzima. Hali inayofanana na hiyo ilijitokeza kwa upande wa RAM katika miezi ya mwisho ya mwaka 2025, pale bei zilipopanda kwa kasi kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Desemba 2025, kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaachana na biashara ya RAM na diski za jina la Crucial zilizokuwa zikiuzwa kwa watumiaji wa kawaida. Katika mazingira kama hayo, kompyuta iliyoungwa kabla bei hazijapanda na bado ipo dukani inaweza kuwa bahati njema kwa mnunuzi.

Hata hivyo, muungaji wa kibiashara naye anatafuta faida, na mara nyingi huipata mahali ambapo mteja haangalii. Tangazo hutaja vitu vitatu: prosesa, kadi na ukubwa wa diski. Yasiyotajwa ndiyo ya kuulizwa.

Jambo la kwanza ni kizazi cha prosesa. Maneno "Core i7" peke yake hayana maana. Core i7-3770 ilitoka mwaka 2012 ikiwa na viini vinne. Core i3-12100 iliyotoka Januari 2022 nayo ina viini vinne, lakini ni ya kisasa na inaishinda kwa mbali, ingawa jina lake linasikika dogo. Mteja aombe namba kamili ya prosesa, si jina la ukoo. Namba ikiishia na herufi F, kwa mfano i5-12400F, maana yake prosesa hiyo haina uwezo wa kutoa picha bila kadi. Kadi ikiharibika, kompyuta nzima haionyeshi kitu.

Jambo la pili ni aina halisi ya kadi. RTX 3060 ya kwanza, iliyotoka mwaka 2021, ina kumbukumbu ya gigabaiti 12, lakini baadaye ilitolewa nyingine yenye jina hilohilo na gigabaiti 8, ambayo ni dhaifu zaidi. RTX 3050 nayo ipo ya gigabaiti 8 na ya gigabaiti 6, na hii ya pili si sawa na ya kwanza hata kwa idadi ya viini. Muuzaji anayeandika jina tu hajasema uongo, ila hajamaliza ukweli.

Jambo la tatu ni RAM. Gigabaiti 16 zilizowekwa katika kipande kimoja hufanya kazi polepole kuliko gigabaiti 16 za vipande viwili vya nane nane, kwa sababu vipande viwili humpa prosesa njia mbili za kupitishia data. Baadhi ya waungaji huweka kimoja ili kupunguza gharama. Katika michezo mingi tofauti hiyo huonekana waziwazi.

Jambo la nne, na ndilo la hatari kuliko yote, ni pawasaplai.

Umeme ni suala la kwanza, si la mwisho

Pawasaplai haiongezi kasi ya mchezo hata kidogo, na ndiyo maana hupunguzwa thamani kwanza. Lakini ikifa vibaya huweza kufa pamoja na ubao mama na kadi. Mnunuzi aombe ifunguliwe pembeni ya kasha, asome jina la mtengenezaji na idadi ya wati. Kwa kadi kama RTX 4060, ambayo yenyewe hutumia hadi wati 115, mtengenezaji anapendekeza pawasaplai ya wati 550 kwa mashine nzima.

Alama ya 80 PLUS ni dalili njema. Inaonyesha kwamba katika vipimo vilivyowekwa, angalau asilimia 80 ya umeme unaoingia huwafikia walengwa, yaani vipuri, badala ya kupotea kama joto. Ifahamike, hata hivyo, kwamba alama hiyo hupima ufanisi tu. Haisemi lolote kuhusu ulinzi wakati umeme unaporuka.

Kwa mashine zinazoagizwa kutoka Marekani kuna mtego wa ziada. Umeme wa majumbani huko ni wa volti 120, wakati Tanzania ni volti 230 na Kenya vivyo hivyo au karibu na hapo. Pawasaplai nyingi bora hujirekebisha zenyewe kati ya volti 100 na 240, lakini za bei ya chini huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma yenye maandishi 115 na 230. Ikichomekwa ukutani huku swichi iko 115, huungua papo hapo. Kuna nyingine zilizotengenezwa kwa volti 115 pekee. Kusoma kibandiko kabla ya kuchomeka ni kazi ya dakika moja inayookoa mashine nzima.

Ndugu msomaji, usisahau UPS. Kifaa hicho humpa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika, na vingi husawazisha umeme unaopanda na kushuka. Lakini VA zilizoandikwa kwenye boksi si wati. UPS ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati chini ya 400, na kompyuta ya michezo yenye skrini yake inaweza kufika hapo ikiwa kadi ni kubwa.

Hesabu ya LUKU nayo iingizwe mapema. Kompyuta inayotumia wati 300 wakati wa mchezo, ikichezwa saa nne kwa siku, humeza uniti 1.2. Kwa siku 30 hizo ni uniti 36. Kwa nyumba ya kupanga ambako wapangaji wanachangia mita moja, uniti hizo ni mwanzo wa ugomvi.

Njia ya pili: Kuunga mwenyewe

Anayeunga mwenyewe huchagua kila kipuri, hivyo fedha yake huenda anakotaka. Anaweza kuweka pawasaplai bora leo, RAM kidogo ya kuanzia, na kuongeza nyingine baada ya miezi sita. Anajua kilichomo ndani ya kasha, na kipuri kikifa anajua la kufanya. Maarifa hayo yenyewe ni mtaji, na si vijana wachache walioanza kwa kuunga mashine yao wakaishia kuwa mafundi wa mtaa.

Kazi yenyewe si ngumu kama inavyotisha. Inahitaji bisibisi, mwanga wa kutosha, utulivu na saa kadhaa kwa anayeanza. Vipuri vingi vina umbo linalokataa kuingia mahali pasipo pake. Makosa ya kawaida ni matatu: kupinda pini za prosesa au soketi yake kwa kuilazimisha, kusahau kuchomeka waya wa umeme wa prosesa, na kuchomeka waya wa skrini kwenye ubao mama badala ya kwenye kadi. Hilo la mwisho huwafanya wengi waamini kwamba kadi yao mpya ni mbovu.

Ugumu mkubwa zaidi kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa ni upatikanaji wa vipuri. Kariakoo au Luthuli mjini Nairobi mtu anaweza kupata RAM na diski siku hiyohiyo, lakini ubao mama unaolingana na prosesa aliyonunua huenda ukalazimika kuagizwa nje. Hapo ndipo gharama za usafiri, ushuru na kodi huingia, na hapo ndipo dhamana hupoteza maana, kwani kurudisha kipuri kibovu Dubai au China hugharimu fedha na wiki kadhaa za kusubiri.

Ulinganifu ni wa kuhakikiwa kabla ya kununua. Prosesa za Ryzen zinazotumia soketi ya AM4, iliyoanza kwa Ryzen mwaka 2017, haziingii kwenye ubao wa AM5 ulioanza mwaka 2022. RAM ya DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5. Kwa anayetazama mbele, AM5 inatoa nafasi ya kubadili prosesa baadaye bila kubadili ubao. Kwa mwenye fedha kidogo, AM4 bado ina vipuri vingi vilivyotumika vinavyozunguka sokoni.

Kuna njia ya kati ambayo wengi hawaifikirii: mteja akaandika orodha yake ya vipuri, akakubaliana na duka liviunge kwa ada ndogo na litoe dhamana ya maandishi kwa mashine nzima. Hapo hupata uhuru wa kuchagua na pia mtu wa kumrudia.

Njia ya tatu: Mtumba wa ofisini

Kwa mwenye bajeti finyu, kompyuta iliyostaafu ofisini Ulaya au Marekani ni kishawishi. Bei yake ni ndogo, imetengenezwa kudumu, na ikiongezewa kadi ya picha hugeuka kuwa mashine ya michezo. Hesabu hiyo ni ya kweli, lakini ina masharti.

Sharti la kwanza ni umeme. Kompyuta nyingi za ofisini zina pawasaplai ya wati 180 hadi 260 isiyo na waya wa kulisha kadi. Hivyo mnunuzi hubanwa kwenye kadi zinazokula umeme kupitia nafasi ya ubao pekee, ambao hauzidi wati 75. Miongoni mwake ni aina nyingi za GTX 1650 ya mwaka 2019 na RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka mwaka 2024. Mashine kadhaa za ofisini pia zina pawasaplai na ubao wenye maumbo ya kipekee, kwa hiyo kubadilisha kimoja kwa cha kawaida cha dukani hakuwezekani bila vigeuzi.

Sharti la pili ni kimo. Kasha jembamba hupokea kadi fupi tu. Anayetaka kuongeza kadi achague kasha la mnara, au apime nafasi kwa rula kabla ya kununua.

Sharti la tatu ni programu endeshi. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, pamoja na kipuri cha usalama cha TPM 2.0. Mitumba mingi ya kizazi cha sita na cha saba, ambayo ndiyo huuzwa kwa bei ya kutupwa, haimo katika orodha hiyo. Zipo njia za kulazimisha, lakini mchezo kama Valorant ukiwa kwenye Windows 11 hukataa kufunguka bila TPM 2.0 na ulinzi wa kuwashia mashine. Kijana aliyenunua mtumba kwa ajili ya mchezo huo hasa atakuwa amenunua meza.

Njia ya nne: Kompyuta mpakato

Mwanafunzi wa chuo anayehama kutoka hosteli hadi nyumbani, au anayeishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, ana sababu nzuri ya kuchagua kompyuta mpakato. Ina skrini, kibodi na betri yake, na hutumia umeme kidogo kuliko ya mezani.

Lakini majina ya kadi hapa yanadanganya zaidi kuliko kwingine. RTX 4090 ya mezani ina kumbukumbu ya gigabaiti 24. Ile ya kompyuta mpakato yenye jina hilohilo ina gigabaiti 16 na imejengwa kwa kipande kidogo zaidi cha silikoni. RTX 4060 ya kompyuta mpakato inaweza kupewa wati 35 au wati 115, kutegemea uamuzi wa mtengenezaji, na mashine mbili zenye kibandiko kimoja zikatofautiana sana katika mchezo. Swali la kuuliza ni hili: kadi hii imepewa wati ngapi?

Joto ni adui wa pili. Katika chumba cha Dar es Salaam cha mwezi Februari, mashine nyembamba hupunguza kasi yake ili isiungue. Vumbi likijaa kwenye feni hali huwa mbaya zaidi. Na kwa kuwa kadi na prosesa zimegandishwa kwenye ubao, siku zikizidiwa na michezo mipya hakuna cha kubadilisha isipokuwa RAM na diski, tena si katika mashine zote. Hata hivyo, hakuna sheria inayomlazimu mtu kuitumia kitandani. Ikiwekwa juu ya meza na kuinuliwa nyuma kidogo, hupumua vizuri zaidi.

Njia ya tano: Konsoli

Yeyote anayetaka kucheza tu, bila kazi nyingine, alinganishe kwanza na konsoli. PlayStation 5 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499 za Marekani. Kadi moja ya RTX 4060, bila kompyuta ya kuichomeka, iliingia sokoni Juni 2023 kwa dola 299. Ni vigumu kwa kompyuta mpya kuishinda konsoli kwa bei ya siku ya kwanza, hata baada ya Sony kuipandisha bei hiyo nchini Marekani hadi dola 549 mnamo Agosti 2025.

Konsoli huchomekwa kwenye televisheni iliyopo sebuleni, haina viendeshi vya kusasisha, na yenye sehemu ya diski humruhusu mtu kuazima, kubadilishana na kuuza michezo aliyoichoka. Kwa mpenzi wa soka la kompyuta anayecheza na marafiki walioketi kochi moja, hoja imekwisha hapo.

Hasara yake huja taratibu. Michezo mipya huwa ghali, na kucheza na wengine mtandaoni katika michezo ya kulipia huhitaji ada ya uanachama, ingawa ya bure kama Fortnite haidai ada hiyo. Zaidi ya yote, konsoli haiandiki ripoti ya chuo wala haihariri video ya harusi. Familia itakayolazimika kununua na kompyuta pembeni ijumlishe gharama zote mbili kabla ya kusema imeokoa.

Gharama ambazo hazimo kwenye bei

Njia yoyote itakayochaguliwa, kuna matumizi yanayosahaulika. Skrini, kibodi, mausi, spika na UPS havimo katika bei ya kompyuta nyingi za mezani. Skrini inayoonyesha picha 60 kwa sekunde haitaonyesha faida ya kadi inayochora 144.

Data ni gharama nyingine. Red Dead Redemption 2 pekee huhitaji gigabaiti 150 za nafasi. Kwa anayetumia bando la simu, kupakua mchezo mmoja wa aina hiyo kunaweza kumaliza bajeti ya mwezi, na masasisho huja juu yake. Asiye na intaneti isiyo na kikomo nyumbani apange namna ya kunakili michezo kutoka kwenye diski ya rafiki mwenye nakala halali, kisha aithibitishe kwa akaunti yake aliyoilipia.

Jambo jingine ni umbali. Seva za michezo mingi zipo Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika Kusini. Ucheleweshaji unaotokana na safari hiyo ya data hauondolewi na kadi yoyote, iwe ya bei gani. Mchezaji anayelalamika kwamba anapigwa risasi kabla hajaona adui achunguze mtandao wake kwanza kabla ya kudai kompyuta mpya.

Namna ya kuamua

Mnunuzi achukue karatasi, aandike vipuri vinane vya mashine iliyoungwa anayoitaka: prosesa, ubao mama, RAM, kadi, diski, pawasaplai, kasha na feni. Kisha aulize bei ya kila kimoja katika maduka mawili au matatu, ajumlishe na leseni ya Windows iwapo mashine ya duka inakuja nayo. Tofauti ikiwa ndogo, kwa mfano chini ya sehemu moja ya kumi, iliyoungwa yenye dhamana ya maandishi ndiyo ya kununua, kwa kuwa tofauti hiyo ni malipo ya haki ya kazi na usalama. Tofauti ikiwa kubwa, au duka likikataa kutaja vipuri vilivyomo, bora kuunga.

Kabla ya kulipa, mashine iwashwe dukani. Programu za bure za CPU-Z na GPU-Z huonyesha prosesa, RAM na kadi halisi vilivyomo, na GPU-Z huweza kuonya kuhusu kadi nyingi za bandia za Nvidia ambazo jina lake limebadilishwa. Mchezo mmoja mzito uchezwe kwa nusu saa, mteja asikilize feni na aangalie kama mashine inajizima. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amejibu swali ambalo hajaulizwa.

Kwa kadi iliyotumika, tahadhari iongezwe. Nyingi zilifanya kazi usiku na mchana kuchimba sarafu ya Ethereum hadi uchimbaji wake kwa kadi ulipokoma Septemba 2022. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, lakini bei yake ionyeshe umri wake, na feni zake zikaguliwe.

Risiti iandikwe namba kamili za vipuri, si "kompyuta moja ya gemu". Muda wa dhamana utajwe, na iandikwe kama inahusu mashine nzima au kipuri kimoja kimoja. Mashine inayosafirishwa kwa basi kwenda mkoani itolewe kadi yake na kufungwa peke yake, kwa kuwa uzito wa kadi kubwa, barabara ikiwa na matuta, huweza kuvunja nafasi iliyochomekwa.

Kwa muhtasari, mwenye kuhitaji mashine ya kazi na michezo, asiye na muda wala fundi anayemwamini, hafanyi kosa kununua iliyoungwa tayari, mradi tu ajue kilichomo ndani. Mwenye muda na hamu ya kujifunza aunge. Anayehamahama achukue kompyuta mpakato kwa macho yaliyo wazi, mwenye fedha kidogo atazame mtumba wa kizazi cha nane kwenda juu katika kasha la mnara, na anayetaka mpira wa sebuleni pekee anunue konsoli. Muuzaji atauza alichonacho. Ni juu ya mnunuzi kuingia dukani akiwa na orodha yake mkononi.